Uzi wa Kuvuka Kaunta

Wifi yangu ni fundi cherehani, na akisema pindo limenyooka, usijisumbue kuleta rula. Zamani uzi aliuchagua mwenyewe. Alibeba kipande cha kitambaa hadi kwa Babu Vifungo, mwisho wa mtaa wetu, wakatoka wote wawili kizingitini kukilinganisha na uzi juani, huku wakibishana.

"Weupe nao una koo zake," Babu alipenda kusema. "Huozeshi wowote kwa wowote."

Wakishakubaliana, Babu humtilia na sindano moja ya bure.

Kisha goti likaanza kumsumbua wifi, na simu ikamdekeza. Akibonyeza kuagiza uzi, pikipiki hiyo mlangoni. Usafiri bure! Bure gani? Ukifika ukurasa wa mwisho unakutana na ada ya kufungasha, ada ya haraka na ada ya oda ndogo. Ili kuikwepa hiyo ya mwisho, wifi akawa anaongeza zipu. Droo ikajaa zipu za rangi ya chungwa, na hakuna binadamu aliyewahi kumletea nguo ya rangi hiyo. Nikimcheka, hunijibu, "Cheka tu, goti si lako."

Sasa juzi ana gauni la bibi harusi, jeupe kama maziwa, limebaki pindo, na mwenyewe analifuata jioni. Uzi ukaisha. Akabonyeza. Ukaja mweupe wenye ubuluu kwa mbali. Akaagiza mwingine, loo, afadhali hata ule wa kwanza! Kwenye simu, nyuzi zote zimeandikwa nyeupe, zinatofautiana namba tu. Wifi akakaa chini, kashika kichwa. Jina lake lote la ufundi lilikuwa kwenye pindo lile.

"Inuka twende kwa Babu," nikamwambia. "Rahisi inavunja upishi, hukuambiwa?"

"Nitamtazamaje? Nimemtupa siku zote hizi."

"Kwa macho. Twende!"

Tukaenda, yeye akichechemea. Kibao cha duka kimeng'olewa. Ndani rafu ni zilezile, lakini Babu kavaa fulana ya kampuni ya zile pikipiki, anafunga vifurushi. Wateja walipompotea aliikodishia kampuni hiyo duka lake, ikamwajiri humo humo. Kumbe uzi wa wifi ulikuwa ukitokea hapa hapa!

Alipouona mkono wa wifi umeshika kitambaa, Babu akasahau yote. Akatoka na nyuzi kadhaa hadi kizingitini.

"Huu," wakasema kwa pamoja. Wifi akafungua pochi.

"Siruhusiwi, mwanangu," Babu akasema taratibu. "Siku hizi hapa hatuuzi mkono kwa mkono. Agiza kwa simu, namba yake ni hii."

Akaagiza, amesimama pale pale. Ada ya kufungasha, ya haraka, ya oda ndogo. Safari hii hakuongeza zipu. Dereva wa pikipiki akaupokea uzi kwa Babu, akageuka, akamkabidhi wifi, akaomba nyota tano. Nilitaka kupasuka, sijui kwa kicheko au kwa hasira.

Wifi alikuwa analia. "Babu, ni mimi niliyekufungia duka."

"Si wewe peke yako," akajibu, wala hakumpamba kwa maneno matamu.

Mkono wake ukaenda kwenye boksi la sindano, ukasita, ukarudi. Zile zina wenyewe. Basi akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye ukosi wake, akampa.

Pindo lile wifi alilishona kwa mkono, kwa sindano hiyo.