Mgongo wa Luciana Haukunyooka

Mimi kalamu nimeishika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nitaandika kifupi. Naandika juu ya binti yangu Luciana, kwa sababu wapo hapa Kinampanda wanaosema alikuwa mvivu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka 1963, bega la kulia lilipoanza kupanda. Gauni likawa refu upande mmoja. Nikakunja pindo, nikashona, nikasema yamekwisha. Mwaka uliofuata nikakunja tena. Mama yangu alinifundisha kwamba msichana anayepinda abebeshwe debe la maji kichwani, mgongo ushike njia. Nikambebesha, limejaa, asubuhi na jioni, miaka miwili. Alipolia nilimwambia ukoo wetu hauna kilema.

Mbavu zikatokeza nyuma. Ndipo nikampeleka hospitali. Daktari alimwinamisha, akampapasa, akasema mfupa ule haurudi. Kwa ulivyopinda, utaendelea kidogo kidogo hata akiisha kukua. Ataishi, na mtoto anaweza kuzaa, lakini kifua kitabanwa mwaka hadi mwaka. Nikamuuliza juu ya debe.

"Debe halikumpinda, mama, wala lisingemnyoosha. Ulimtesa bure."

Niliondoka bila kumuaga.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, na katika shamba la pamoja kila mtu akapewa mstari wake. Paskali, balozi wetu wa nyumba kumi, alisema Luciana akae na wazee wamenye karanga za mbegu. Nilimjibu vibaya mbele ya watu. Nikasema binti yangu analima.

Akalima. Katikati ya mstari akasimama, ameegemea mpini, anatweta. Wenzake wakampita wakiimba. Mmoja akamtania, "We kobe, tukungoje mpaka mavuno?"

"Tangulieni," Luciana akasema, "nawaondolea magugu mliyoyaruka."

Walicheka. Mimi sikucheka, maana nilisikia pumzi yake ikikatika kati ya neno na neno. Nikamrudia, nikamwambia ajikaze, pamebaki padogo.

"Mama," akasema polepole, "daktari alikuambia. Acha kuninyoosha."

Akaniachia jembe lake, akashika njia ya kwenda kwa wazee. Alitembea akasimama, akatembea akasimama. Mara saba alisimama, nami nimebaki pale na majembe mawili.