Ufa Niliouziba kwa Nta

Mume wangu ni fundi wa kukereza mbao. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu, Makuyuni, hatua chache kutoka kwenye tanuri langu la mikate. Kazi ya mashine, inayozungusha kipande huku akikichonga, ni yake. Ya kukausha ni yangu. Gogo bichi likishakatwa vipande vya duara, navipaka nta ya mishumaa kwenye ncha ili maji yatoke polepole. Kisha navipanga kivulini, na kila Ijumaa navipima kwenye mizani ya jikoni. Uzito nauandika kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Ukiacha kushuka, mti umekauka. Mume wangu hakuwahi kupima tena baada yangu. Alisoma maandishi yangu, akafunga kipande kwenye mashine.

Mwaka juzi bibi mmoja wa Handeni alituletea mkwaju ulioangushwa na upepo uani kwake. Alitaka mabakuli sita, moja kwa kila binti. Tulimwambia asubiri miezi kadhaa, akakubali. Kisha akanipigia simu: harusi ya binti wa mwisho sasa ingefanyika kabla ya mfungo.

"Mwanangu, haiwezekani kabisa?"

"Tutajitahidi, bibi," nikasema.

Mume wangu alikuwa Hale wiki ile, akifunga milango kwenye nyumba ya mtu. Sikumwuliza. Kila nilipomaliza kuoka, tanuri likiwa na joto la wastani, niliviingiza vile vipande. Uzito ulishuka haraka, nikafurahi. Siku ya tatu, nilipokuwa nakitoa kile kikubwa, kikalia mikononi mwangu kama mfupa unaovunjika. Nikakigeuza. Ufa mwembamba kama unywele ulitoka katikati ukaenda ukingoni.

Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Kisha nikayeyusha mshumaa, nikauziba ufa, nikapaka nta juu yake kama kawaida. Nikaandika uzito. Nikajiambia nitamweleza mume wangu akirudi.

Alirudi, sikumweleza. Nilianza sentensi mara mbili wakati wa chai, na mara zote mbili nikaishia kumwuliza kama sukari inatosha.

Asubuhi moja nilikuwa Mombo, nawagawia mikate akina mama wanaowauzia abiria wa mabasi. Ujumbe ukaingia kwenye simu. "Mkwaju umekauka vizuri. Naanza na kile kikubwa."

Nikapiga. Haikupokelewa. Mashine ikiunguruma hasikii kitu. Nikapiga tena, na tena.

"Kuna msiba?" mama mmoja akaniuliza.

"Bado," nikamjibu, na neno lile likanitisha kuliko lake.

Niliacha mikate palepale, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilimwona mume wangu akiinama kuchungulia ndani ya bakuli, kama anavyofanya siku zote, na kipande chenye ufa kikizunguka kwa kasi karibu na uso wake, tayari kupasuka.

"Kimbia, kaka!"

"Mama, haya malori yatatuua."

"Kimbia tu."

Nilipofika nilisikia mashine ikizunguka tupu. Nusu ya kipande ilikuwa imetoboa bati la ukuta. Mume wangu alikuwa ameketi juu ya maranda, mgongo ukutani, kashika bega, uso umepauka.

"Zima mashine," akasema.

Hospitali ya Korogwe walisema mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Daktari aliweka kidole juu kidogo ya uvimbe, kwenye shingo, akatikisa kichwa: kingempiga hapo, asingefika. Tukakaa kwenye benchi kusubiri picha, na pale ndipo nilipomwambia.

"Niliuona ule ufa. Nikauziba kwa nta."

Akanigeukia. "Lini?"

"Ulipokuwa Hale."

"Kwa hiyo leo, uliponiaga, ulijua?"

"Nilijua ufa upo. Sikujua kama ungeanza leo."

Akageuza uso ukutani. Hofu ya barabarani ilikuwa ndogo kuliko hii. Walipomwita ndani alisimama peke yake. Alipotoka, mkono umefungwa kifuani, shati limemning'inia, alinisogelea. "Nivalishe," akasema.

Nilimpigia bibi nikamweleza yote, hata ya nta. Aliuliza kwanza, "Mumeo anaweza kulala?"

"Upande mmoja tu, bibi."

"Basi mwache apone. Binti yangu ataolewa bila mabakuli."

Vipande vitano vilivyobaki nilivichunguza kimoja kimoja mbele ya mume wangu. Viwili vyenye ufa tulivitupa. Vitatu vilikaa kivulini miezi saba, na yeye ndiye aliyevipima. Siku alipowasha tena mashine, nilisimama mlangoni.

"Nenda kwenye mikate yako," akaniambia.

Sikwenda. Nilibaki pale, macho kwenye mti unaozunguka, hadi bakuli la kwanza likatoka zima.