Gemu Kwenye Meza za Ndengu

Katika soko la Ishiara kuna wanawake wawili wanaouza ndengu kwenye meza zinazopakana. Hawakuwa wakisemezana tangu mmoja amwite mteja aliyekuwa tayari anahudumiwa na mwenzake. Juzi nilipoenda kununua, nilimkuta yule aliyepoteza mteja ameinamia mashine ndogo ya gemu aliyompokonya mwanawe. Alikuwa akicheza mbio za magari peke yake, na kila gari lilipogonga ukuta, alisonya.

"Punguza mwendo kwa kona," jirani yake akasema, akitazama kando.

"Kwani nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini hapo unaendesha gari ama unalima shamba?"

Nilidhani ndengu zitarushwa. Badala yake, mama mwenye gemu alitoa mfukoni kidude cha pili cha kuchezea, akakichomeka kwenye mashine kwa waya wake, akamtupia mwenzake.

"Haya, dereva. Nionyeshe."

Waya ulikuwa mfupi, kwa hivyo ilibidi wabanane kwenye benchi moja. Walisukumana kwa viwiko, wakachambana kwa Kimbeere, wakacheka. Mimi niliambiwa nijipimie.

Ukicheza peke yako, hakuna anayekuona ukigonga ukuta, na hiyo ni raha yake. Lakini hakuna wa kukucheka pia, na nadhani mama yule alikuwa amekosa wa kumcheka kwa muda mrefu.

Nilipokuwa nikiondoka, mama yule alisimama, akajikung'uta leso, akamgeukia mwenzake.

"Niangalilie meza niende choo. Mteja akija, muuzie hata zako. Lakini usicheze kabla nirudi!"