Dawa Kutoka Karantini

Kazi yangu ni kurekebisha mizani ya viwanda vya chai. Mwaka ule wa korona, Nairobi ilipofungwa, mimi nilikuwa tayari nje ya mji, Kericho, na begi la nguo za siku tatu. Bosi alinipigia simu akaniambia nisihangaike kurudi, kwani nikiingia Nairobi sitatoka tena, na chai haijui korona, inaendelea kuota. Akanitumia barua ya kazi muhimu yenye muhuri, akanilipia chumba, na sharti likawa moja: nilale pale hotelini na si kwingine. Viwanda vilikuwa vimekataa kupokea fundi anayelala leo hapa kesho kule. Ukienda nyumbani hata usiku mmoja, unakaa siku kumi na nne kabla ya kufunguliwa geti.

Nyumbani kwetu ni Ndanai, mwendo usiofika saa mbili.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa tatu na mgeni mmoja, mimi. Wafanyakazi wote walikuwa wamerudishwa makwao isipokuwa mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa mpishi, mfagiaji na mlinzi wa mapokezi. Alikuwa akiweka sahani kwenye kiti nje ya mlango, anagonga, halafu nasikia miguu ikikimbia. "Madam, chakula iko hapo. Ngoja nishuke ndio ufungue." Kwa wiki mbili sikumwona uso. Sikujua kama nicheke au nilie, mtu mzima kuogopwa na mtu anayemkaangia mayai.

Kilichoniuma zaidi ni Baba. Baba ana sukari. Tangu Mama afariki, mimi ndiye ninayemnunulia vidonge kila mwezi, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba akiruka dawa, kitakachotangulia ni macho au miguu. Kaka yangu alikuwa amefungiwa Nairobi. Aliyebaki bomani na mzee ni mke wa kaka, wifi yangu, mtu wa Londiani asiye Mkipsigis kama sisi, ambaye Kikipsigis chake ni cha kuombea chumvi tu. Kwa hiyo yeye na Baba huishi kwa heshima nyingi na maneno machache.

Nilimpigia Baba nikamweleza kwamba nitakuwa hotelini kwa muda. Kwetu Ndanai hoteli ni mahali pa chai na mandazi, na anayelala humo ni paka.

"Unalala hotelini? Kwenye benchi?"

"Si hoteli ya chai, Baba. Ina vitanda."

"Na nyumbani hakuna vitanda?"

Nikaeleza habari ya barua, ya geti, ya siku kumi na nne. Akauliza tena, pole pole, kwa nini mtoto wake alale kwa watu ilhali nyumba iko hapo. Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa nimechoka, na badala ya kueleza mara ya tatu nikachukua njia ya mkato. Nikamwambia, "Baba, wewe hesabu tu kwamba niko karantini."

Hapo akaelewa mara moja. Karantini ni karantini katika lugha zote za kule, na hakuna mfugaji asiyeijua. Akasema, "Pole sana, mama. Kaa huko huko." Nikakata simu nikijiona mjanja. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile ulikuwa uji mtupu.

Vidonge nikawa nanunua Kericho, nafunga vizuri kwenye karatasi, naandika jina lake, natuma kwa gari hadi Ndanai, na mtu wa bodaboda anavifikisha getini. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila Jumapili nilipiga simu, na maongezi yetu yalikuwa yale yale.

"Dawa umepokea, Baba?"

"Nimepokea. Mungu akubariki."

"Ziko sawa?"

"Zipo zote. Hakuna hata moja iliyopotea."

Nalala nimeridhika. Asubuhi naangalia dirishani, wachumaji wameachiana mistari, kila mmoja peke yake katikati ya kijani, halafu nachukua kisanduku changu cha vyuma vya mizani naenda kupima kilo za watu.

Mwezi wangu wa nne hotelini ulipoanza, wifi alipiga simu. Yeye si mtu wa kupiga simu.

"Dada, mguu ya mzee imeanza kunuka. Anasema ni jembe ilimkata kidogo tu. Lakini mimi naona vidole zimekuwa nyeusi."

"Na dawa anameza?"

"Si wewe ndio unatuma? Akizipata anaenda nazo huko nyuma. Mimi hajaniambia chochote."

Sikumuaga mtu hotelini. Nilimwachia yule mama ufunguo kwenye kile kiti chake, nikaenda.

Getini kwetu kulikuwa na gunia limetandazwa chini, limelowa maji ya magadi ya kuua vijidudu. Nilitaka kuliruka, nikasikia sauti ya Baba kutoka kwenye kivuli cha zizi ikiniamuru nikanyage, miguu yote miwili, nisugue. Nikasugua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mmoja umefungwa kitambaa cha kitenge, amekonda mpaka koti likawa la mtu mwingine. Akanisimamisha hatua kumi hivi.

"Fungua mdomo."

"Baba?"

"Fungua nione ulimi."

Nilifungua mdomo. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, nimesimama katikati ya boma nimetoa ulimi, naye amekunja macho ananichunguza kama wanavyochunguzwa ng'ombe sokoni. Hapo ndipo nilipojua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta malengelenge. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia kwenye boma, mnyama hatoki, na kitu chochote cha boma lile hakivuki ua: kamba, ndoo, hata nyasi. Ndiyo karantini aliyoijua yeye. Hakuna nyingine.

"Baba, dawa ziko wapi?"

Akaonyesha kwa fimbo. Nyuma ya zizi kuna ghala kuukuu la mahindi ambalo halitumiki. Vifurushi vyangu vitatu vilikuwa vimening'inizwa kwenye waya mlangoni, mwandiko wangu juu yake, mafundo yangu yale yale. Havikuwa vimefunguliwa hata kimoja.

Nilishtuka nikakaa chini pale pale kwenye matope. Nilikumbuka kila Jumapili. Baba ni mzee wa kanisa na hakuwa amenidanganya hata mara moja. Alikuwa amezipokea. Zilikuwepo zote. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuhakiki vipimo vya wengine, sikuwahi kumuuliza kama anazimeza.

Tulimfikisha hospitali siku hiyo hiyo. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Siku ya tatu baada ya kukatwa aliweza kuongea vizuri, na aliloongea ni habari ya kamba. Alisema karantini ya ng'ombe iliingia kwetu mimi nikiwa mtoto wa darasa la tatu. Ndugu yake ng'ambo ya mto aliomba kamba ya kufungia ndama, naye akaona, aah, ni kamba tu, kamba haiugui. Akampa. Ndama wa ndugu yake wakafa wote, ng'ombe wakakauka maziwa, na watoto wa boma lile walikunywa chai nyeusi mwaka mzima. Ndugu yake alikwenda kaburini bila kujua ugonjwa ulipitia wapi. Baba alikuwa ameificha siri hiyo moyoni miaka yote.

"Kwa hiyo ulipotuma dawa," akasema, "nilijua ni upendo. Lakini nilisema, hapana, safari hii sitapitisha kitu. Huyo wifi yako ana watoto. Majirani wana watoto."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa nimeugua hata mafua. Kwamba karantini ilikuwa neno tu, nililitupa ili simu iishe nikaoge. Nikafungua mdomo.

"Na umeona?" akasema, akinitazama usoni kama mtu anayengoja kusifiwa. "Kijiji kizima, hakuna aliyeshikwa. Hata mtoto mmoja."

Nikamwambia alifanya vizuri.