Nilimsingizia Dada Yangu kwa Ajili ya Projekta ya Bei Rahisi

Nimekosa, na sina wa kumlaumu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikachuma majani chai ili wadogo zangu wale na wasome. Hilo silijutii. Ninachojutia ni Jumapili moja hapa kwetu, karibu na Keumbu.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya. Mwaka huu rafiki yake wa zamani alinipa video inayomwonyesha mama akiimba mstari wa mbele. Kitinda mimba wetu, Kemunto, alikuwa bado anabebwa mgongoni mama alipoaga. Hakumbuki kumwona akicheka wala kusogea.

Nilimficha ile video. Nilitaka aione mara ya kwanza ikiwa kubwa, siku ya kumkumbuka mama, mbele ya watu waliomjua.

Kemunto yuko kidato cha tatu. Aliposikia naenda Kisii mjini kununua projekta, aliomba twende pamoja anisomee maandishi ya kwenye kisanduku. Nilikataa. Mkubwa wa nyumba asindikizwe na mtoto kununua kitu? Kiburi hicho!

Dukani nilichagua ya bei ya chini kabisa. Mwenye duka aliiwasha kwenye chumba cha nyuma, pazia limefungwa, picha ikajaa ukutani. Akauliza nitaitumia wapi. Nikajibu nyumbani. Akanigeuzia kisanduku nisome habari za mwangaza wake. Kilikuwa Kiingereza kigumu. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa, kwa sababu niliona aibu kuuliza.

Huku kwetu wageni huja mchana na kurudi makwao kabla ya giza. Kwa hiyo saa tisa alasiri, jua likiwaka, nilitundika shuka jeupe chini ya hema na kuwasha. Kwaya ikasikika. Shuka likabaki jeupe.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja akauliza kama tumemwita aje kutazama nguo zilizoanikwa. Wakacheka.

Asubuhi ile Kemunto alikuwa amefuta vumbi kwenye kioo cha projekta. Nikamgeukia.

"Ni wewe umeiharibu. Nani alikutuma uiguse?"

"Kaka, labda ni jua," alisema polepole.

Nikamwambia anyamaze, kwamba shule ninayomlipia haijamfundisha adabu. Mbele ya kina mama wa kanisa! Alichukua leso yake, akaondoka na shangazi yetu kwenda Nyamarambe.

Wageni wachache walibaki wakinywa chai. Kwa hasira sikuizima ile mashine, video ikawa inajirudia. Giza lilipoanza kuingia, mama akatokea kwenye shuka. Kwanza gauni, kisha uso, anaimba huku akitabasamu.

Hakuna aliyemtazama kwa muda mrefu. Waligeuka wakanitazama mimi. Ee Mungu wangu!

Nilienda Nyamarambe. Nilimpata Kemunto jikoni akimenya ndizi. Nikamwomba msamaha, nikamtolea simu aione video. Hakuigusa.

"Ulinitukana mbele ya watu," akasema, "halafu unakuja kuniomba msamaha jikoni?"

Nikamtazama shangazi anisaidie. "Amesema kweli, tata," aliniambia, akiniita baba kwa Kigusii, akaendelea kupuliza moto.

Mpaka leo hajarudi nyumbani, na hajamwona mama yake kwenye ile video. Nimeandika haya bila jina kwa sababu bado naogopa, na najua hayatoshi. Nimemwomba mzee wa kanisa anipe nafasi Sabato hii, niseme mbele ya wale wale waliokuwepo. Sijui kama Kemunto atakuja.

Ndugu yangu unayesoma, kama utaitumia projekta mchana, ijaribu mchana, na usichokielewa uliza. Lakini hilo ni dogo. Ukimvunjia mtu heshima hadharani, usimvizie pembeni kumwomba radhi. Nenda ukasimame pale pale ulipomwangusha.