Mkungu wa Shukrani

Eunike alikuwa na daftari lenye vyeti kumi na kimoja, na hata kimoja hakuwa nacho. Majina tu ndiyo aliyoyaandika kwa kalamu ya bluu, mengine akayakata kwa nyekundu, kisha akayarudisha. Ofisi ya utalii pale Kijenge, alikopokea maombi ya wageni kwa miaka kumi na miwili, ilikuwa inafungwa mwisho wa Septemba. Akiwa na miaka thelathini na tisa na watoto wawili shuleni, aliamua kuhamia kwenye kazi za kompyuta. Kuamua hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kila aliyemuuliza aanzie wapi alimwonyesha njia yake.

Binamu yake Allen, mtu wa mifumo kwenye benki moja, alimwambia asome usalama wa mtandao. "Huko ndiko kwenye ulaji, dada." Baada ya wiki mbili Allen huyo huyo akasema hapana, klaudi, kompyuta za kukodi mtandaoni, ndiyo habari ya mjini. Jamaa mmoja wa YouTube aliapa kwamba asiyejua kuunganisha mitandao amepoteza muda wake. Mwingine akasema mitandao imepitwa, sasa ni data. Eunike aliwaamini wote, na hilo ndilo lililomponza. Alifungua somo la kwanza la kila kitu, na la pili hakulifikia popote. Ndeshi, aliyekaa naye meza moja ofisini, akamchoka.

"Endelea tu, mwaya. Mchagua jembe si mkulima."

Mama yake, kule Nkoaranga, hakuyajua hayo. Yeye aliambiwa tangu mwezi wa sita kwamba mwanawe ameanza kusoma. Kila alipopiga simu aliuliza masomo yanaendaje, na Eunike alijibu, "Yanaendelea vizuri, mama." Uongo mdogo, alijiambia, kwa kuwa kesho angeanza kweli.

Jumapili moja ya Agosti akapanda kwao. Ibada ilipofika kwenye shukrani, Mchungaji akasoma kwenye karatasi: "Familia ya marehemu Elirehema. Wanamshukuru Mungu kwa masomo ya kompyuta ya binti yao Eunike."

Mama yake alikuwa ameshasimama. Hakuwa amemwambia Eunike lolote. Eunike akajikuta anaelekea madhabahuni ameshika mkungu wa mshare, ndizi za kupika, upande mmoja, mama upande wa pili, kwaya inaimba, watu wanapiga makofi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka za shamba, kama kila Jumapili. Mayai yalikwenda, kuku akaenda, kisha Mwinjilisti Fanuel akaunyanyua ule mkungu.

"Mkungu wa msomi huu! Wenye mkono wa birika wakae pembeni!"

Watu wakacheka. Mzee Sumari, jirani yao, akapandisha bei hadi wenzake wakanyamaza. Alipokabidhiwa hakuupeleka kwake. Alimrudishia Eunike, kama wafanyavyo pale wanapotaka kumheshimu mtu.

"Shikamoo, baba. Asante sana."

"Marahaba, mwanangu. Nenda ukale, usome. Ukimaliza uje uitazame simu yangu."

Wakiteremka kwenye kijia cha migombani, Eunike akashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa nini umewaambia nimemaliza?"

"Nani kasema umemaliza? Nimeshukuru kwa kuwa umeanza. Baba yako alitaka ualimu miaka minane. Kila mwaka alikuja na jina la chuo kingine. Kafa anapalilia kahawa, na vyuo vyote anavijua kwa majina." Akasimama kupumua. "Kwani hujaanza?"

Eunike alitazama chini. "Bado, mama."

Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Aliugusa ule mkungu, akasema, "Mshare usiuache ukae. Ukishaiva haufai kupikia mtori."

Mkungu ukalazwa jikoni kwake Kijenge. Jumatatu Eunike alisoma daftari lote, akachanganyikiwa upya. Jumanne akampigia Allen, akapewa jina la kumi na mbili. Jumatano asubuhi akakuta ndizi moja imeanza umanjano kwenye ncha. Alikaa palepale jikoni na simu yake, akajiandikisha kusomea cheti cha msingi kabisa: kufungua kompyuta, kuitengeneza, kumsaidia aliyekwama. Ndicho Allen alichokiita cha watoto. Hakujua kama amepatia. Alisoma somo la kwanza, na kabla ya mchana akasoma la pili, akimenya ndizi katikati ya masomo hayo.

Kisha akampigia mama.

"Mama, nimeanza leo. Jumapili nakuja tushukuru vizuri."



"Usije," mama akasema. "Shukrani tumeshatoa. Wewe soma."