Gitaa la Delmer Lililokatwa Miguu

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha nitapata muda wa kulipamba. Kufuli la gereji ya Delmer Hruska nililinunua mimi, Ervin Machala, fundi bomba mstaafu. Nililinunua, nikalifunga kwa mikono yangu, nikampa mkewe ufunguo, kisha nikarudi kwangu nikala nikashiba.

Mkewe ndiye Albina, na habari hii ni yake. Alikuwa fundi cherehani wa mji wetu wa Holub. Nguo za harusi za nusu ya wanawake wa hapa zimepita chini ya sindano yake. Ni mfupi, jamani! Akisimama nyuma ya kaunta ya jikoni ukumbini unadhani amekaa. Delmer naye alikuwa mrefu kupita kiasi, kila mlango wa Texas aliuinamia. Tulikuwa tukiwatania kwamba padri aliwafungisha ndoa kwa kutumia ngazi. Hawakupata mtoto. Walikuwa wawili tu na gitaa.

Sisi wapenzi wa gitaa la chuma tunakutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa chama cha Wacheki, kabila la babu zetu waliotoka Ulaya. Ukumbi una sakafu nzuri ya dansi, mbao zinang'aa, lakini hachezi mtu. Tunapanga viti mbele kabisa, tunainama, tunatazama miguu ya mpigaji. Wake zetu wanakaa nyuma na nyuzi zao za kufuma na vikate vya kolachi vya jamu ya aprikoti. Albina alikaa kule nyuma miaka thelathini na moja. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, "Mume wangu ameiona miguu ya wanaume wengi kuliko muuza viatu." Tulicheka sana. Leo sicheki.

Kwa asiyelijua, gitaa hili halikumbatiwi kifuani. Limelala kama meza, juu ya miguu minne. Unakaa nyuma yake, unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kumi, na chini kuna pedali za kuzivuta hizo nyuzi zilie. Kuna na vyuma vya kusukuma kwa magoti. Kila mpigaji ana mpangilio wake, na ukikaa kwenye gitaa la mwenzio unapotea. Lakini pedali hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Wa kulia una kazi yake ya kupandisha na kushusha sauti. Hilo halina mjadala, na tungeweza kugombana na ndugu zetu wa damu kwa ajili yake.

Delmer alipofika miaka sabini na tatu, daktari alimwambia kumbukumbu zimeanza kumtoka. Na kweli, alikuwa anauliza jambo moja mara mbili, na siku moja alikwenda kununua chakula cha kuku akakosa njia ya kurudi. Basi tangu hapo, kila alichofanya tulikiita ugonjwa. Akicheka, ugonjwa. Akinyamaza, ugonjwa.

Ndipo nikamtembelea gerejini nikakuta maafa. Alikuwa amekata miguu ya gitaa lake kwa msumeno! Gitaa ambalo hakuruhusu mtu hata alipanguse vumbi. Vyuma vya magoti amevifungua vyote, vimo kwenye kopo la kahawa. Pedali alizibakisha tatu tu, na hizo tatu amezihamishia upande wa kulia.

"Delmer, bwana wee, umefanya nini?"

"Natengeneza," akasema, wala hakuinua uso.

"Unatengeneza au unabomoa? Kulia! Nani anakanyaga kulia?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Ervin," akasema, "nenda kanywe kahawa."

Jikoni nikamkuta Albina anasuuza vikombe, macho mekundu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, viatu vyangu vya kanisani nimevitafuta wiki nzima. Nimevikuta gerejini, chini ya lile gitaa. Nimemuuliza vimefikaje huko, ananiambia tu nimrudishie." Nikamwambia basi, akili imemtoka, na kabla hajajikata vidole na ule msumeno, afungiwe. Wenzangu wa klabu nao wakasema hivyo hivyo. Kesho yake nikaja na kufuli.

Delmer aliishi miezi saba baada ya hapo. Moyo ndio uliomwangusha, si kichwa.

Baada ya mazishi Albina aliendelea kuja. Hakukaa nyuma tena na wanawake. Alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha Delmer, kando yangu, mkoba mapajani. Nami nakiri jambo la aibu: tulikuwa tunamsalimia yeye tukiliulizia gitaa. Shemeji hujambo, na gitaa je? Hakuna aliyemuuliza anakula nini jioni. Baadaye ndipo alinidokeza kwamba siku nyingine alikuwa anapiga ile namba ya simu ambayo sauti ya mashine hutaja saa ilivyo, ili tu mtu aseme naye.

Kila mmoja wetu alilijaribu lile gitaa. Magoti yanagonga ubao, miguu inapishana, tunainuka tunatikisa vichwa. Mimi nikamwambia, "Nipe wiki moja. Naweka miguu mipya, narudisha pedali kushoto, linakuwa gitaa tena."

"Likishakuwa gitaa tena, litakuwa la Delmer?"

"Litakuwa zima."

"Sikukuuliza hilo, Ervin."

Mwezi wa tatu mwenyekiti wetu, Wendell Kubena, alisimama mbele na karatasi mkononi. Royce Tillery, bingwa wa gitaa la chuma, anakuja. Yeye mwenyewe! Kwetu sisi hilo jina ni kama sikukuu. Kuna kipande chake kimoja cha muziki tulichokisikiliza hadi sahani ya santuri ikachakaa, tukibishana miaka ishirini kama ile sauti inayolia katikati ni ya pedali ya pili au ya goti. Tangu siku ile hakuna aliyelala vizuri. Watu wakaanza kugombea viti wiki sita kabla. Wendell alitandaza ramani ya ukumbi mezani na kalamu nyekundu, mtu mzima na wajukuu wake, akipima ni kiti kipi kinaona mguu upi.

Albina aliniita jikoni mwa ukumbi.

"Huyo Tillery," akasema, "anaweza kupiga gitaa lolote?"

"Lolote la mtu mwenye akili zake."

Nilitamani kuumeza ulimi. Lakini alikwisha kusikia.

"Delmer hakuwahi kujirekodi," akasema. "Alisema hajawa tayari. Miaka yote hiyo, hajawa tayari! Na mimi nilikuwa nafuma tu huko nyuma, sikusikiliza. Sasa nimeanza kusahau, Ervin. Naikumbuka kofia yake, nakumbuka kikohozi chake, lakini jinsi alivyopiga inanitoka. Nataka huyo mtu apige gitaa la Delmer kama lilivyo, mara moja tu, nisikie. Akishindwa, lichukue wewe, ulifanye unavyotaka. Sitasema neno tena."

Niseme ukweli? Nilifurahi. Nilijua atashindwa, na gitaa lile nililitamani tangu nikiwa kijana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili yenyewe ukumbi ulijaa tangu saa sita. Magari yametoka kaunti tano. Wanaume wamevaa mashati ya pasi, wamejipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza, kila mmoja ana swali lake mfukoni. Saa saba Tillery akaingia kwa mlango wa nyuma, mzee mwembamba, mpole, kofia mkononi, anamsalimu hata mfagizi. Nikampeleka chumba cha pembeni. Albina alikuwa anamsubiri pale, amevaa vizuri, na gitaa la Delmer tumelisimamisha kwenye vimiguu vyake vilivyokatwa. Wendell naye akajipenyeza. Hatukumkaribisha, lakini nani angemtoa?

Albina alieleza haja yake kwa maneno machache. Tillery alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti akakaa.

Magoti yake yakagonga ubao, ngo! Wendell akacheka puani. Tillery hakucheka. Akajaribu kuingiza miguu kwa ubavu, akakanyaga hewa upande wa kushoto, akatafuta kulia. Akainuka, akavua koti, akalala chali sakafuni chini ya gitaa kama fundi wa magari. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua miguu mipya nitaipaka rangi gani.

"Mama," akasema kutoka kule chini, "mumeo alikuwa mfupi?"

"Mrefu," Wendell akadakia. "Futi sita na inchi nne. Lakini mwishoni alikuwa mgonjwa wa kichwa, maskini."

Tillery akajitoa, akakaa sakafuni, vumbi mgongoni. "Kazi hii si ya mgonjwa," akasema. "Huku chini hakuna kilicholegea. Kila skrubu iliyotiwa imekazwa kwa kipimo. Sisi hatuwezi kukaa hapa kwa sababu halikutengenezwa kwa ajili yetu, wala yeye hakulitengeneza kwa ajili yake. Pedali tatu tu, na vyuma vya magoti vimetolewa. Hivi ndivyo unavyomwandalia mtu anayeanza, ili asichanganyikiwe. Mtu mfupi." Akaigonga pedali kwa kidole. "Na mtu ambaye mguu wake wenye akili ni wa kulia. Kwenu hapa nani anatumia mguu wa kulia?"

Nikageuka kumtazama Albina. Miaka arobaini ya cherehani, mguu wa kulia juu ya pedali ya umeme, na sisi mabingwa wa kutazama miguu hatukuwahi kuutazama ule.

Albina aliuweka mkoba wake chini. Akakaa kwenye kile kiti. Magoti yake yaliingia chini ya ubao bila kugusa kitu. Kiatu cha kulia, kile kile cha kanisani, kikatua juu ya pedali ya kwanza, na kisigino kikafika sakafuni sawasawa.

"Alikuwa ananiita," akasema. Alikuwa anayatazama mapaja yake mwenyewe. "Kila siku baada ya chakula. 'Bina, njoo ukae hapa dakika moja, nipime kitu.' Namwambia nina vyombo. Siku nyingine namwambia nina nguo ya mtu. Ndiyo maana akachukua viatu." Akakitazama kiatu chake. "Mungu wangu, na mimi nilimfokea kwa ajili ya viatu."

Tillery alipiga magoti kando yake. Akamwonyesha pedali ya tatu. "Hii haijaungwa. Imebaki skrubu moja tu, mama. Nina bisibisi hapa, dakika moja nitakuwa nimemaliza. Kisha nikufundishe sauti mbili tatu. Watu watasubiri."

"Usiguse," Albina akasema.

"Itakuwa haivuti."

"Isivute. Hapo ndipo alipofikia."

Tillery akarudisha bisibisi mfukoni. Hatukuchomeka waya, hatukuwasha kitu. Albina alikanyaga pedali ya kwanza, akaiachia, akakanyaga ya pili. Chuma kikanong'ona ndani ya ubao, basi. Huko ukumbini watu walikuwa wameanza kupiga makofi ya kuita.

Aliniomba nimbebee gitaa hadi garini. Nikamwambia, shemeji, onyesho linaanza, ulilingojea hili kuliko sisi sote. Akasema haja yake imekwisha, na leo hana hamu ya kutazama miguu ya mtu. Nikalilaza gitaa kiti cha nyuma, nikalifunika kwa blanketi. Jua lilikuwa kali na uwanja mzima wa magari haukuwa na mtu isipokuwa sisi wawili. Nilishika mlango wa gari nikashindwa kuufunga.

"Shemeji, mimi ndiye niliyesema akili imemtoka. Kufuli nilinunua mimi."

"Ulinunua wewe," akasema. "Lakini ufunguo ulikaa kwenye aproni yangu miezi saba. Alikuwa anakuja pale kwenye sinki ananiomba. 'Nipe ufunguo, Bina, imebaki kidogo.' Namwambia sawa, kesho. Namwambia hivyo ili anyamaze, maana mlisema atakuwa amesahau." Akawasha gari. "Hakusahau hata siku moja, Ervin. Kila siku alikuja."

Akaondoka taratibu, kichwa chake hakionekani vizuri juu ya usukani. Mimi nikabaki pale hadi gari lilipokata kona ya kanisa.

Nilipoingia, Tillery alikuwa amekwisha kuanza, na ukumbi mzima umeinama mbele, umenyamaza, unatazama chini ya gitaa. Alipiga kile kipande tulichokibishania miaka ishirini. Nilikuwa futi sita kutoka kwake, na hadi leo Wendell akiniuliza kama ilikuwa pedali au goti, sijui la kumjibu. Kando yangu kiti cha Delmer kilikuwa kitupu. Bwana mmoja aliyesimama nyuma alisogea akataka kukikalia, nikakishika kwa mkono nikamwambia kina mwenyewe.